Msonobari wa Guadalupe na Misitu ya Isongole

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu, afikapo Isongole, aghalabu hupokewa na ukungu na miti mirefu iliyopandwa safu kwa safu, na akishika kitawi kimoja ataona sindano tatu tatu zilizoshikana shinani, laini, zimeinamia chini na kudondosha maji: hiyo ndiyo patula, asili yake milima ya Mexico.

Hapo zamani mabwana misitu wa Tanganyika na Kenya waliutumainia pia msonobari mwingine, radiata, kwa wepesi wake wa kukua. Hata mwaka 1957, hapa Tanganyika, yakadhihirika maradhi ya kuvu iitwayo dothistroma, yatiayo sindano mistari myekundu hata zikanyauka na kupukutika, na kwa kuwa kuvu hiyo hustawi penye baridi na unyevu, nyanda zetu za juu zikawa maskani yake. Ilipoingia miaka ya 1960 radiata ikaachwa kupandwa, na patula ikazidi kushika nafasi.

Amma radiata yenyewe, ambayo ughaibuni imepandwa katika hekta milioni nne hivi, New Zealand, Chile na kwingineko, haina makao ya asili ila matano tu: matatu pwani ya California, na mawili katika visiwa vya Mexico, Cedros na Guadalupe. Huko Guadalupe, ambako sindano hutoka mbili mbili na miti huishi kwa ukungu wa bahari, mabaharia wa karne ya 19 waliacha mbuzi. Nao wakazaana, wakala kila mche uliochipua, hata miti mikongwe ikasimama pasipo warithi, na mwaka 2001 ikabaki 220 hivi. Nyua zikajengwa, mbuzi wakaondolewa kabisa kufikia 2007, na miche ikachipua kwa maelfu.

Hata hivyo radiata ingali katika orodha ya dunia ya miti iliyo hatarini kutoweka, na naona ni haki, kwani mashamba hayo makubwa yalitokana na mbegu za California, ilhali tabia za miti ya visiwani hazimo humo ila kwa uchache. Mkulima wa miti aliyekwisha kuona shamba likikaushwa na kuvu hahitaji kuelezwa thamani ya mbegu yenye nasaba tofauti. Na wataalamu waliofika Guadalupe mwaka ule wa 2001 walizikusanya mbegu za wazee hao wachache, wakaziweka akiba.