Kutoka Usharikani Hadi Chuoni: Mwanzo wa Safari ya Uchungaji

Usharika unapotimiza miaka mia moja, majina ya wachungaji waliouhudumia huorodheshwa pamoja na miaka ya utumishi wao. Orodha hiyo humwonyesha kila mmoja akiwa amekwisha kuwekewa mikono. Haionyeshi siku alipofunga mzigo wake kwenda chuoni, wala haiwataji waliomtuma. Hata hivyo siku hiyo nayo ina historia yake, na historia hiyo ni urithi wa sharika zote za Kilutheri katika Tanzania.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Tangu miongo ya mwanzo, sehemu kubwa ya kazi ya Injili ilibebwa na walimu wenyeji. Siku za juma mwalimu aliwafundisha watoto kusoma; jioni aliwaandaa watu wazima kwa ubatizo; Jumapili alihubiri. Lakini mwalimu hakuwa mchungaji. Kwa Chakula cha Bwana Wakristo walimngoja mmisionari. Wachungaji wenyeji wa kwanza wa misioni hiyo walibarikiwa mwaka 1934, yaani miaka 41 tangu kazi ianze. Kuchelewa huko hakukutokana na upungufu wa watu wenye imani, maana watu hao ndio waliokuwa wakizilea sharika kila siku.

Vita mbili zilidhihirisha hatari yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na sharika nyingi zikabaki mikononi mwa walimu na wazee. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, mambo yakajirudia: Wajerumani wakawekwa kizuizini. Walutheri kutoka Marekani na Uswidi walijitoa kusaidia, lakini walikuwa wachache mno. Ikawa wazi kwamba Kanisa linalongoja mchungaji kutoka ng'ambo laweza kufungiwa Meza ya Bwana kwa amri ya serikali tu.

Ndipo mwaka 1947 masomo ya pamoja ya teolojia yakaanzishwa Lwandai, katika milima ya Usambara. Mwaka 1954 chuo kilihamia Makumira, karibu na Usa River, chini ya Mlima Meru. Huko walikutana watu wa makabila mbalimbali, waliolelewa na misioni mbalimbali, wenye desturi tofauti za ibada. Walisoma darasa moja, wakaomba pamoja na kula chakula kimoja. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, baadhi ya watumishi wake walikwisha kufahamiana tangu chuoni. Umoja uliishiwa kabla ya kuandikwa katika katiba.

Wengi wa walioanza masomo hayo katika miaka ya kwanza hawakuwa vijana wasio na kazi. Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906 na kuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa hilo lililoungana, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Josiah Kibira wa Bukoba naye alikuwa mwalimu kabla ya kusoma teolojia Bethel, Ujerumani. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Kwa mwalimu mwenye mke na watoto, kuanza chuo kulikuwa na gharama. Aliyezoea kushika chaki alirudi kukaa kwenye dawati, akiacha mshahara wa ualimu kwa ajili ya posho ndogo ya uchungaji. Mke wake alibeba nusu ya wito huo, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye cheti.

Milango haikufunguka kwa wote kwa wakati mmoja. Wanawake walisoma teolojia kwa miaka mingi pasipo kubarikiwa. KKKT iliridhia jambo hilo mwaka 1990, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991.

Kwa nini mtu aliyekwisha kuhubiri miaka mingi apelekwe tena darasani? Martin Luther alipozikagua sharika za Saxony mwaka 1528, alihuzunishwa na ujinga aliouona hata kwa wachungaji wenyewe, na mwaka uliofuata akatoa Katekisimo zake mbili. Bidii pasipo mafundisho haikutosha wakati ule, wala haikutosha Usambara. Lakini mafundisho peke yake hayamfanyi mtu mchungaji. Kitabu cha Matendo ya Mitume chaeleza jinsi Kanisa la Antiokia lilivyofunga, likaomba, likawawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwaacha waende zao. Hawakujituma, walitumwa.

Hapo ndipo wajibu wa usharika ulipo. Chuo hufundisha, dayosisi huchagua, askofu hubariki. Lakini wa kwanza kuuona wito ndani ya mtu ni wale wanaoabudu pamoja naye, wanaomjua akiwa na furaha na akiwa na msiba. Usharika unaoingia karne yake ya pili hauna budi kuhesabu si wachungaji uliopokea tu, bali pia wale uliowatoa, ukawaombea, na kuwachangia ada mpaka mwisho wa masomo.