Betri ya Baba na Siri ya Volti 13.8

Leo naziweka programu kando kidogo tuzungumze juu ya chaja ya betri. Msicheke! Ndani ya kile kijisanduku mna historia ya nyumba nyingi za hapa kwetu Voi.

Walioishi Taita Taveta miaka ya 1990 wanakumbuka. Stima ilikuwa mjini, vijiji vingi havikuwa nayo. Aliyetaka televisheni alinunua betri ya gari ya volti 12, na ikiisha nguvu aliipeleka mjini ikachajiwe. Ya Baba ilishuka kutoka Sagalla ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Tuliiacha kwa fundi asubuhi, tukaichukua jioni. Mbuzi waliuzwa ili ile betri inunuliwe, lakini haikumaliza mwaka wa pili.

Kwa muda mrefu tuliamini tumeuziwa betri mbovu. Nilipoanza kusoma mambo ya umeme ndipo nikaelewa kwamba tuliiua wenyewe, kwa njia mbili.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na tabia yake haijabadilika sana. Ukiitumia mpaka taa ififie kabisa, bamba zake hushika ukoko ambao ukikaa hautoki. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na betri ya gari ndiyo huumia zaidi kwa sababu imeundwa kuwasha injini, si kumaliza taarifa ya habari na sinema juu yake. Njia ya pili ni kuichaji kupita kiasi. Ikishajaa na kupita kama volti 14.4, umeme unaozidi kuingia hauna pa kukaa, kwa hiyo unayapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Yale mapovu tuliyoyafurahia tukidhani betri "imeshiba" yalikuwa maji yake yakitoroka. Tena gesi hiyo hulipuka, cheche moja inatosha.

Chaja ya fundi ilikuwa transfoma na dayodi, basi. Haikujua betri imejaa au la. Kilichoamua wakati wa kuzima ni jua kuzama. Kwa sisi waandika programu, hicho ni kitanzi kisicho na sharti la kutoka.

Cha kushangaza ni kwamba dawa ilikuwa ikipita mbele yetu kila siku. Voi iko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na njia ya Taveta inachepuka hapa hapa. Kila lori lililopita lilikuwa na regyuleta, yaani kidhibiti kinachozuia volti za injini zisipande kupita kiasi. Betri ile ile ndani ya lori ililindwa, kwenye meza ya kuchajia haikulindwa.

Kilichokuja kumpa mtu wa kawaida nafasi ya kujiundia ulinzi huo ni chipu. Mwaka 1967 kampuni ya Fairchild, Marekani, ilitoa µA723, regyuleta nzima ndani ya chipu moja. Mwaka 1976 Bob Dobkin wa National Semiconductor akaleta LM317 yenye miguu mitatu tu. Kazi yake ni moja: kuhakikisha kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha pana volti 1.25 daima. Rezista mbili ndizo zinazoamua mengine:

Volti = 1.25 × (1 + R2 ÷ R1)

Weka R1 ya omu 240 na R2 ya omu 2,400, unapata 13.75. Hapo betri inajaa polepole bila kuchemka, na unaweza kuiacha imeunganishwa. Mbele yake weka transfoma ya volti 15, dayodi nne na kapasita ya maikrofaradi 2,200. Chipu ifunge kwenye bati nene, maana inapata joto sana. Weka fyuzi kwenye waya wa betri, na dayodi ili umeme wa betri usirudi nyuma stima ikipotea. Dayodi hiyo inakula kama volti 0.7, kwa hiyo ongeza R2 kidogo hadi mita isome 13.8 kwenye betri iliyojaa. Usiguse upande wa volti 240 ukiwa na umeme!

Baadaye mambo yakaja kwa kasi. Sola ilishaanza mapema: mwaka 1984 Harold Burris aliifunga katika shule ya Karamugi, upande wa Meru. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na betri iliyokuwa ya televisheni ikawa ya simu yenye pesa ndani. Mwaka 2012 M-Kopa wakaanza kuuza sola kwa malipo kidogo kidogo, udhibiti wa betri ukiwa tayari ndani ya kisanduku.

Leo Sagalla kwa Baba stima ipo, lakini hupotea. Betri iko chini ya meza, imeunganishwa na chaja niliyoiunda mwenyewe, inangoja. Huwa nainama kuisikiliza. Haina mapovu, imenyamaza kimya. Baba bado ananiuliza kama kweli inachaji.