Kakontwe: nani anahesabiwa, nani anasahauliwa

Mkaaji wa Kakontwe akimpeleka mtoto mgonjwa kwenye kituo cha afya, kabla hajapimwa homa anaulizwa kwanza: jina, umri, avenyi gani, mtaa gani. Wengi huona ni kupoteza wakati. Lakini maswali hayo yana historia ndefu hapa Likasi, na haikuanza kwa huruma.

Wakati wa Wabeleji, mji ukiitwa Jadotville, Union Minière ilileta vijana kutoka mbali kwa kazi ya shaba, na wengi waliugua na kufa. Kutafuta mtu mwingine kila mara kuligharimu pesa nyingi. Kuanzia 1928 kampuni ikabadilisha mpango: mkataba wa miaka mitatu, mfanyakazi akae na mke wake, watoto wazaliwe kambini. Huduma ya afya ya kampuni, ambayo daktari Léopold Mottoulle aliiongoza, ikawa inaandika mimba, watoto waliozaliwa na vifo, na watoto wakapimwa uzito. Tuseme wazi, kampuni ilihesabu watoto kwa sababu iliwaona kama wafanyakazi wa kesho. Hata hivyo hesabu ilifaa: maziwa na dawa vilifika mahali watoto walipo. Aliyekaa nje ya kambi hakuwa katika daftari lile.

Baada ya uhuru, serikali ilihesabu watu wa nchi nzima mwezi wa Julai 1984, wakapatikana milioni 30 na zaidi. Tangu hapo hakuna sensa nyingine iliyofanyika. Kwa hiyo zoni za afya hukisia. Wanachukua hesabu ya zamani, wanaongeza karibu watu 3 kwa mia kila mwaka, kisha wanagawanya: wanawake wenye mimba wanahesabiwa kuwa 4 kwa mia. Eneo la watu 10,000 linapangiwa wanawake wenye mimba 400, hata kama mtaa mmoja umejaa vijana walioolewa juzi na mwingine umebaki na wazee.

Hesabu ya namna hiyo haijui treni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kwenye stesheni ya Likasi familia kwa maelfu zililala nje zikingojea mabehewa, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kusafiri. Ukiongeza 3 kwa mia juu ya karatasi ya 1984, unawahesabu pia wale ambao nyumba zao zilibaki tupu. Miaka kumi baadaye vita vya Mai-Mai upande wa Mitwaba, Manono na Pweto viliondoa familia nyingine makwao. Anayefika usiku kwa shemeji yake na watoto watano hayumo kwenye karatasi yoyote.

Mwaka 2003 nao ulibadilisha mji. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines kwa mara moja, wengi wakiwa wazee tayari, na huduma ya hospitali ya kampuni haikuwa yao tena. Nyumba ya mzee kama huyo inahitaji dawa ya presha. Nyumba ya jirani, yenye wajukuu na wageni, inahitaji chanjo ya surua. Wastani wa mji hauoneshi tofauti hiyo. Kipindupindu cha mwanzo wa 2008, kilichopiga Likasi na Lubumbashi, nacho hakifuati wastani. Kinafuata kisima, na lazima mtu ajue nani anachota wapi.

Ndiyo maana relé komiteri, wale wajitoleaji wa afya, hupita mlango kwa mlango kabla ya kugawa vyandarua. Haishangazi kwamba watu wengine hufunga mdomo. Mji uliowahi kuuliza watu asili yao kwa ajili ya kuwafukuza hauwezi kudai waliobaki waamini kila daftari. Lakini wakaaji wanaweza kuangalia ni nini kinachoandikwa. Kwa chandarua kabila halihitajiki, wala jimbo la kuzaliwa. Inatosha idadi ya wanaolala ndani, kwa sababu kanuni ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Mwenye nyumba akiwaficha wageni wake sita na kusema "tuko watatu", atapewa vyandarua viwili, na watu tisa watalala chini yake.