Jina na Kipimo: Kisa cha Mito ya Songwe na Bongo za Kompyuta

Msafiri atokaye pwani kwenda Tunduma, mji ulio ukingoni mwa nchi ukitazamana na Nakonde ya Zambia, hukutana na jina Songwe zaidi ya mara moja, na kila mara jina hilo humaanisha kitu kingine. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, uko katika Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu ni Vwawa. Ndani ya mkoa huo imo Wilaya ya Songwe, ambayo Tunduma haimo. Mito nayo ni miwili: Songwe mmoja huteremka hadi Ziwa Nyasa ukichora mpaka wetu na Malawi, na Songwe mwingine huelekea Ziwa Rukwa. Ashukaye katika uwanja wa Songwe akidhani amefika Vwawa bado ana safari mbele yake.

Katika majina hayo hakuna aliyekusudia kumpoteza mtu. Majina ya nchi huota kama magugu, na mwenyeji huyazoea. Lakini yapo majina mengine, yanayouzwa katika maduka ya Tunduma kama yauzwavyo Darajani, ambayo hayakuota yenyewe. Hayo ni majina ya vichakataji, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kifanyacho hesabu zote za kompyuta, ambacho mafundi wetu hukiita prosesa. Tuseme mkulima wa kahawa wa Mbozi ameweka akiba ya misimu miwili ili amnunulie mwanawe kompyuta mpakato iliyokwisha tumika. Muuzaji anamwambia, “Hii ni i7, ile ni i5.” Mkulima anajua kuwa saba ni kubwa kuliko tano. Je, amejua nini?

Hapo mwanzo tarakimu zilisema kweli. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kichakataji kilichoitwa 4004, kilichobuniwa kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Busicom ya Japani. Vipande vilikuwa vinne, ndugu wa tumbo moja: 4001 na 4002 vilitunza kumbukumbu, 4003 kilisaidia kupitisha taarifa, na 4004 kilifanya hesabu. Kilishughulikia biti nne kwa wakati mmoja; kilichokifuata mwaka 1972, kilichoshughulikia biti nane, kikaitwa 8008. Baadaye, kutoka katika ukoo wa 8086 wa mwaka 1978, walikuja 80286 mwaka 1982, 80386 mwaka 1985 na 80486 mwaka 1989. Aliyejua kuhesabu alijua yupi mkubwa na yupi mdogo.

Sisi hatukuushuhudia wakati huo kwa karibu. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Marufuku ilipokuja kulegezwa, wengi wetu tuliikuta kompyuta wakati tarakimu zile nyepesi zikiwa karibu kufutwa.

Na kilichozifuta ni kesi. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani ilikataa dai la Intel kwamba “386” ni mali yake. Tarakimu hizo, ilionekana, zimekwisha kuwa jina la aina ya bidhaa, na mshindani wake AMD akauza 386 yake mwenyewe. Basi mwaka 1993 mzaliwa wa tano hakuitwa 586. Aliitwa Pentium, jina lililotungwa kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya tano. Tano ilibaki pale pale, ila imevikwa joho ili isichukuliwe na jirani.

Tangu siku hiyo jina lilianza kumtumikia muuzaji kabla ya kumtumikia mnunuzi. Mzaliwa wa sita naye aliitwa Pentium, na baada yake wakafuata Pentium II mwaka 1997, Pentium III mwaka 1999 na Pentium 4 mwaka 2000. Mwaka 2006 heshima ya juu ilihamia kwa jina jipya, Core, na mwaka uliofuata Pentium ikashushwa daraja ikawa bidhaa ya bei nafuu. Mfalme wa jana akawa bawabu wa leo, na aliyekuwa amehifadhi jina moyoni akanunua bawabu kwa kumbukumbu ya mfalme.

AMD nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2001 iliuza Athlon XP iliyoandikwa 1800+, hali mwendo wake ulikuwa gigahezi 1.53. Ilikuwa na hoja: kasi ya mapigo si kazi yote, kwani kichakataji chaweza kupiga polepole na bado kikamaliza kazi mapema. Hoja ni ya kweli, lakini namba ile haikupima kitu, ililinganisha tu.

Turudi kwa mkulima wetu. Core i7 ilitoka mwaka 2008, i5 mwaka 2009 na i3 mwaka 2010. Ndani ya i7 hakuna saba yoyote ya kuhesabu. Ni cheo tu. Kichakataji i7-7500U cha mwaka 2016 kina viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U cha mwaka 2017 kina viini vinne. Mkulima akichagua saba na kuiacha tano, amelipia cheo na kuiacha nguvu kaunta. Na hata namba ndefu si salama daima: Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7640U za AMD zinafanana kama pacha, lakini ya kwanza imejengwa juu ya usanifu wa mwaka 2019 na ya pili juu ya ule wa mwaka 2022. Siri imefichwa katika tarakimu ya tatu. Mwaka 2023 Intel iliiondoa herufi “i” yenyewe, na somo likaanza upya.

Watu wa pwani tuna kipimo cha zamani cha jambo hili. Chombo chetu kina majina mawili. La aina husema ukweli wa mbao: ngalawa ina ndubi ubavuni, mtepe ulishonwa kwa kamba bila misumari. La pili ni la mapenzi ya mwenyewe, naye hulipaka rangi apendavyo. Hakuna abiria aliyepanda chombo kwa kuamini jina la mapenzi pekee bila kutazama ubao. Kosa la wauza vichakataji ni kwamba wameyachanganya majina hayo mawili, la mapenzi likavaa tarakimu kana kwamba ni la aina.

Kwa hiyo mkulima na aombe kompyuta iwashwe, asome jina lote hadi herufi ya mwisho, aulize viini ni vingapi na mwaka ni upi. Ni swali lile lile ambalo mwenyeji wa Tunduma humuuliza mgeni asemaye anakwenda Songwe: Songwe ipi?