Maili za ndege: namna zinapatikana, namna zinapotea

Kila wiki wafanyabiashara wa Lubumbashi wanapanda ndege kwenye uwanja wa Luano, wanapitia Addis Ababa ao Nairobi, wanaendelea mpaka Dubai ao Guangzhou kuchukua bidhaa. Kuna wenye kufanya safari hiyo mara tatu ao mara ine kwa mwaka. Mara mingi, kwenye ajansi wanaulizwa tu mambo mawili: tarehe na makuta. Ulizo la tatu, «Mama, uko na numero ya maili?», linasahauliwa. Na bila numero ile, kitu fulani kilichokuwa ndani ya bei ya tikiti kinabakia kwa kompani ya ndege.

Kitu kile kinaitwa maili. Hii makala inaeleza ni nini, inahesabiwa namna gani, inafaa nini kwa musafiri wa kwetu, na ni wapi watu wanadanganyika.

Programu ya maili ni nini?

Ni mapatano kati ya kompani ya ndege na musafiri. Musafiri anajiandikisha, anapewa konti na numero. Kila mara anaposafiri, kompani inaandika pointi kwenye konti ile. Zikifika kiasi fulani, anaweza kuzibadilisha na tikiti, kiti cha mbele, ao kilo za mizigo. Kujiandikisha kwenye programu kubwa ni bure, na kunafanyika kwa simu, kwenye intaneti.

Neno «maili» linatoka kwenye kipimo cha njia: maili moja ni kilometre 1,6 hivi. Zamani, mutu aliyeruka maili elfu moja aliandikiwa maili elfu moja. Leo neno limebaki, lakini hesabu imebadilika sana, kama itakavyoonekana chini.

Ilianzia wapi?

Ilianzia Marekani. Mwaka 1978 serikali ya kule iliacha kupangia kompani za ndege bei na njia. Kompani zikaingia katika mashindano makali, kila moja ikatafuta namna ya kumufunga muteja asihame. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 1981, American Airlines ilianzisha programu ya AAdvantage. Ilitumia kompyuta zake za kuchunga nafasi, zilizoitwa Sabre, ili kujua ni wateja gani wanarudia kila mara. Siku chache tu nyuma, United nayo ikatoa ya kwake. Kisha dunia nzima ikafuata.

Kwa hiyo toka mwanzo maili haikuwa zawadi ya moyo mwema. Ilikuwa kamba ya kumufunga muteja. Musafiri anayekumbuka jambo hilo moja hatapotea sana kwa yale mengine.

Karte gani kwa ndege gani?

Kompani zinazobeba Wakongomani wengi ziko na programu zao. Ethiopian Airlines iko na ShebaMiles. Kenya Airways iko na Asante Rewards. RwandAir iko na Dream Miles. Brussels Airlines inatumia Miles & More, pamoja na Lufthansa. Air France na KLM ziko pamoja ndani ya Flying Blue, toka mwaka 2005.

Lakini haiombe kuwa na karte tano. Kompani nyingi zimejiunga katika vikundi vitatu vikubwa: Star Alliance, iliyoanzishwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000. Ethiopian iliingia Star Alliance mwaka 2011. Brussels Airlines iko ndani yake toka mwaka 2009. Kenya Airways, Air France na KLM ziko SkyTeam. RwandAir haiko ndani ya kikundi chochote kati ya hivi vitatu.

Maana yake: mutu mwenye konti ya ShebaMiles anaweza kusafiri na Brussels Airlines, akatoa numero yake ya ShebaMiles, na maili zikaingia mule mule. Anayegawanya safari zake kwenye konti ine anajikuta na vipande vidogo vine ambavyo havinunue kitu. Afazali konti moja inayojaa. Ya kuchagua ni ile ya kikundi ambacho musafiri anapanda zaidi, hata kama kompani ingine iko na karte nzuri ya kuangalia.

Maili zinahesabiwa namna gani?

Kuna namna mbili.

Ya kwanza inafuata urefu wa njia. Kutoka Lubumbashi mpaka Guangzhou kwa kupitia Addis Ababa ni karibu maili 6 600. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 13 000. Lakini musafiri asifikiri ataandikiwa zote. Kila tikiti iko na herufi moja inayoonyesha aina ya bei yake. Watu wawili wanaweza kukaa kiti karibu na kiti, wakala chakula kimoja, na tikiti zao zisibebe herufi moja. Kwa mufano, herufi ya bei ya juu inaweza kutoa asilimia 100 ya maili, ingine 50, ingine 25. Na kuna bei za chini kabisa ambazo hazitoe hata moja. Njo maana mwenye kununua tikiti ya bei rahisi sana anaona konti imejaa kidogo tu, anazani wamemwibia, kumbe ni herufi.

Ya pili inafuata makuta yaliyolipwa. Flying Blue ilihamia kwenye namna hii mwezi wa 4 mwaka 2018. Mutu wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila euro, mutu wa ngazi ya juu, Platinum, anapata 8. Kodi hazihesabiwe. Tikiti ikiwa na euro 600 bila kodi, wa kwanza anaandikiwa maili 2 400, wa pili 4 800. Kwa namna hii, urefu wa njia hauna kazi tena. Anayelipa zaidi njo anayepata zaidi.

Aina mbili za hesabu ndani ya konti moja

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Konti inabeba hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya maili za kutumia: hizi zinanunua tikiti, na zikitumiwa zinaisha. Hesabu ya pili ni ya ngazi: haiuzwe, haitumiwe, inaonyesha tu kama musafiri ni wa ngazi gani, kufuatana na safari alizofanya ndani ya muda uliopangwa, mara nyingi mwaka mumoja. Ndani ya Flying Blue, kwa mufano, ngazi ya Silver inaomba pointi 100 za aina hii, Gold inaomba tena 180, na Platinum 300.

Kwa mufanyabiashara, ngazi inaweza kuwa na faida kuliko tikiti ya bure. Ndani ya Star Alliance, mwenye ngazi ya Gold anapewa mizigo ya kuongeza: kilo 20 pale wanapopima kwa kilo, ao muzigo mumoja zaidi pale wanapohesabu mizigo. Anapita kwenye musururu mufupi, na anaingia salo ya kungojea ndege hata kama tikiti yake ni ya nyuma. Anayerudi kutoka Guangzhou na nguo ao vipande vya simu anajua kilo 20 za kuongeza zinagharimu ngapi pale kwenye mizani. Lakini ngazi ya Silver ya kikundi kile haitoe mizigo hiyo kwa kompani zote. Inatoa tu nafasi ya mbele kwenye orodha ya wanaongojea kiti. Afazali kusoma mbele ya kufurahi.

Tikiti ya bure si ya bure kabisa

Tikiti iliyonunuliwa kwa maili inalipa bei ya kiti. Kodi za serikali na za viwanja zinabaki kwa musafiri. Hata Go-Pass ya kwetu haifutwe na maili. Kuna kompani zinazoongeza tena juu yake malipo yao yenyewe, na jumla inaweza kufika mamia ya dola.

Basi kuna hesabu moja rahisi ya kujua kama maili zinatumiwa vizuri. Tuseme tikiti inauzwa dola 900. Kwa maili wanaomba maili 40 000 na dola 300 za kodi. Musafiri anaokoa dola 600. Dola 600 zikigawanywa kwa maili 40 000, kila maili imelipa senti 1,5. Sasa, kompani ile ile inamwonyesha birika la umeme kwa maili 8 000, na birika kama hilo kwenye soko ni dola 32. Hapo kila maili imelipa senti 0,4 tu. Mara nyingi vyombo vya duka la maili njo vinakula maili bure. Tikiti ya safari ndefu inalipa vizuri zaidi.

Kompani inapata nini?

Mutu anaweza kuuliza: kama wanatoa viti, hawapate hasara? Jibu ni hapana. Kwanza, mara nyingi wanatoa viti ambavyo vingebaki wazi. Pili, maili mingi zinakufa bila kutumiwa. Tatu, na hii njo kubwa zaidi, kompani zinauza maili kwa benki, hoteli na maduka, ambayo yanazigawia wateja wao.

Biashara hii ni kubwa sana. Mwaka 2020, wakati korona ilikuwa imefunga anga, kompani mbili za Marekani ziliweka programu zao za maili kuwa rehani ili kukopa: United ilipata dola miliare 6,8, Delta ikapata miliare 9. Ndege zilikuwa chini, lakini karte za maili bado zilikuwa na bei mbele ya wakopeshaji.

Maili za safari ya kazi ni za nani?

Kwa sheria ya programu karibu zote, maili ni za mutu aliyekaa kwenye kiti, hata kama tikiti imelipwa na kompani ya migodi, shirika ao serikali. Lakini sheria ya programu haifute sheria ya kazi. Ujerumani, mwaka 2002, wanasiasa Cem Özdemir na Gregor Gysi waliacha vyeo vyao kisha kujulikana kwamba walitumia kwa safari zao binafsi maili zilizotoka kwenye safari za kazi ya umma. Kwa mufanyakazi wa kwetu, kuuliza mukubwa wa kazi mbele ni vizuri kuliko kujieleza nyuma.

Namna maili zinapotea

*Jina.* Mukongomani ana jina, postnom na prénom. Ajansi inaandika mawili, konti inabeba matatu, pasipoti iko na mupango mwingine. Kompyuta inaona watu wawili, maili haziingie. Konti na tikiti vinapashwa kufuata pasipoti, herufi kwa herufi.

*Numero isiyotolewa.* Itolewe siku ya kununua, ao hata kwenye uwanja mbele ya kupanda. Kama imesahauliwa, programu nyingi zinakubali kudai kisha safari, kwa muda wa miezi sita hivi. Kwa kudai wanaomba numero ya tikiti, yenye tarakimu 13, na mara ingine karatasi ya kupandia ndege. Karatasi ile isitupwe mpaka maili zionekane kwenye konti.

*Muda.* Maili zinakufa. Za Miles & More, kwa kawaida, zinaishi miezi 36. Musafiri aangalie tarehe hiyo ndani ya konti yake mara mbili kwa mwaka.

*Wezi.* Picha ya karatasi ya kupandia ndege, iliyowekwa kwenye WhatsApp ao Facebook kwa kuonyesha safari, inabeba alama ya mistari ambayo ndani yake kunaweza kuwa numero ya konti ya maili. Mwenye ujuzi anaisoma kwa simu. Tena, kampani haipigie mutu simu kumuomba neno la siri. Na kuuza maili kwa mutu mwingine kunakatazwa na programu karibu zote. Wakikamata, konti inafungwa na maili zote zinaenda.

*Kubadilika kwa bei.* Kompani inaweza kupandisha bei ya tikiti za maili wakati inapotaka. Imeandikwa ndani ya mapatano. Tikiti iliyoomba maili 40 000 mwaka huu inaweza kuomba 55 000 mwaka ujao. Kwa hiyo maili si benki. Hazizae, zinapungua nguvu. Zikitosha kwa safari, zitumiwe.

Inafaa, ao haifae?

Kwa mutu anayepanda ndege mara moja kwa miaka mitatu, maili haitabadilisha maisha yake. Lakini kwa sababu karte ni bure, hakuna hasara kuichukua. Kwa mwenye kusafiri mara tatu ao ine kwa mwaka kwenye njia ile ile, kuacha kutoa numero ni kuacha makuta kwenye meza.

Kosa lingine ni la upande wa pili: kulipa dola 200 zaidi kwa tikiti kusudi tu ya kupata maili za dola 30. Kwanza bei, saa za kufika, na kilo za mizigo. Maili inakuja nyuma, kama kiongezo ambacho mama wa soko anaweka juu ya kipimo cha unga. Mununuzi mwenye akili anaangalia kipimo kwanza, alafu anaomba kiongezo chake.