Moto wa Mji Uliofungwa

Mwaka 1968, mkutanoni Novosibirsk, Wasovieti walitangaza kwamba mashine yao, tokamaki T-3, imepasha plazima hadi karibu nyuzi milioni 10. Wengi wa Magharibi hawakuamini. Mwaka uliofuata wanasayansi Waingereza kutoka Culham wakaenda Moscow na vifaa vyao vya leza, Vita Baridi ikiendelea, wakapima wenyewe. Kumbe ni kweli.

Ila milioni 10 hazitoshi. Ili viini vya haidrojeni viungane na kutoa nishati humo ndani, joto lazima lipite milioni 100. T-3 ilijipasha kwa umeme uliopita ndani ya plazima, kama waya wa pasi. Tatizo ni kwamba plazima ikizidi kuwa moto, ukinzani wake hupungua, na umeme huo hauipashi tena vya kutosha. Ni moto unaozikataa kuni zake wenyewe.

Basi zikatafutwa kuni za nje: mawimbi ya redio na ya mikrowevu. Elektroni iliyo kati ya sumaku huzunguka kwa mdundo wake. Ukiipelekea wimbi lenye mdundo uleule, hupokea nishati, kama mtoto wa bembea anayesukumwa kwa wakati. Chombo cha kutoa mawimbi mafupi namna hiyo kwa nguvu kubwa, jirotroni, kilibuniwa miaka ya 1960 na Andrei Gaponov-Grekhov na wenzake huko Gorky, mji uliokuwa umefungwa kwa wageni.

Na ni Gorky hiyohiyo ambako serikali ilimhamishia kwa nguvu Andrei Sakharov mwaka 1980, kwa sababu ya kusema kwake. Sakharov na Igor Tamm ndio waliotoa wazo la tokamaki mwanzoni mwa miaka ya 1950. Novemba 1985, Reagan na Gorbachev walipokubaliana Geneva kushirikiana katika utafiti huu, mzee bado alikuwa kizuizini. Aliachiwa Desemba 1986.

Makubaliano yale ndiyo yaliyozaa ITER, inayojengwa Ufaransa. Jirotroni zake zimegawiwa Urusi, Japani, India na Ulaya. Moja hutoa megawati 1, sawa na oveni 1,000 hivi za mikrowevu, kupitia dirisha la almasi ya kutengenezwa.

Tunapousifu ushirikiano huo, tumkumbuke pia aliyezuiwa asitoke nje ya mji huku wazo lake likivuka mipaka.