Kamera ya kompyuta kulinda nyumba Mji wa Kale: yafaa wapi, yakwama wapi, na jirani ana haki gani

Pikipiki ya shemeji yangu iliibwa mlangoni kwetu Kibokoni watu wakiwa kwenye tarawehe. Kesho yake nilitoa laptopu kuukuu kabatini, nikachomeka kamera ya kompyuta ya kuzungumzia na jamaa walioko Muscat, nikaiweka dirisha la juu ikitazama kichochoroni. Siku ya pili alikuja mtu, lakini hakuwa mwizi. Alikuwa mama wa nyumba inayotukabili. "Mwanangu, jicho lako lile latazama ukumbini kwangu." Nikaangalia kioo cha laptopu. Ni kweli. Tangu hapo wengi wameniuliza habari za kamera hizi, basi nayaweka hapa niliyojifunza.

Fikra yenyewe si ngeni. Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliona polisi wanachelewa kufika mtaani kwake. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliombea hataza mfumo wa kamera ya mlangoni unaoonyesha picha ndani ya nyumba, nao ukasajiliwa 1969. Kamera ya kwanza ya kutazamwa kwa kompyuta ilikuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991. Wataalamu waliielekeza kwenye birika la kahawa ili wasipande ngazi bure na kulikuta tupu. Iliingia kwenye intaneti 1993, ikazimwa 2001.

Kinachohitajika

Unahitaji vitu vitatu: kamera ya USB, kompyuta isiyozimwa, na programu ya kutambua mwendo. Kwenye Windows iko iSpy. Kwenye Linux ziko Motion na ZoneMinder. Programu hulinganisha kila picha na iliyotangulia. Nukta nyingi zikibadilika kwa ghafla, huanza kurekodi. Ukiiacha hivyo hivyo, pazia likipepea na paka wetu wakipita utapata rekodi mia kwa usiku mmoja. Kwa hivyo ingia kwenye mipangilio, uweke alama sehemu zisizohesabiwa, ubakishe mlango na kizingiti.

Kurekodi kwa mwendo tu huokoa nafasi pia. Video ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban MB 900 kwa saa, yaani zaidi ya GB 21 kwa siku moja. Ukiipeleka yote mtandaoni, bando haliponi.

Inapokwama

Kwanza, usiku. Kamera nyingi za kompyuta zina kichujio kinachozuia infraredi, kwa hivyo hazioni gizani, na taa za infraredi hazitazisaidia. Weka balbu ya kawaida nje ya mlango. Ikiwa kamera iko nyuma ya kioo cha dirisha, zima taa ya chumbani, ama utajirekodi mwenyewe.

Pili, hewa ya bahari. Kamera hizi hazikutengenezwa kukaa nje. Chumvi na unyevu vitakula kichwa cha USB mapema. Iweke ndani. Na usitoboe mlango wa nakshi wala roshani kupitisha waya: Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kazi ya nje ya jengo inataka idhini ya Makavazi ya Taifa.

Tatu, waya. Waya wa kawaida wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Ukizidisha, picha hukatika.

Nne, umeme. Hapa laptopu inaishinda kompyuta ya mezani, kwa kuwa betri yake huendelea stima ikipotea. Lakini ruta itakuwa imezimika, na taarifa haitafika kwenye simu yako. Kibetri cha ruta ni muhimu kama kamera yenyewe. Pia zuia laptopu isilale ikifunikwa.

Tano, mwizi akiingia akabeba laptopu, ameondoka na ushahidi. Panga nakala za matukio ziende mahali pengine, hata kama ni picha chache tu kwenye barua pepe.

Sita, nenosiri. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Kamera isiyofungwa vizuri ni dirisha ulilomfungulia mtu usiyemjua aitazame familia yako.

Haki ya jirani

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 51, imeziacha nje shughuli za mtu binafsi za nyumbani pekee. Swali ni je, kamera inayorekodi njia na nyumba ya mwenzako bado ni ya nyumbani pekee? Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilimjibu František Ryneš wa Ucheki, aliyeweka kamera baada ya kuvunjiwa madirisha, nayo ikawa inarekodi njia ya umma na mlango wa nyumba ya pili. Mahakama ilisema hapana, hiyo si ya nyumbani pekee. Uamuzi ule haufungi mahakama zetu, lakini mtu mwenye busara hangoji kushtakiwa.

Nasi tuna mizani ya zamani kuliko sheria hizo. Sura ya An-Nur inatufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na ndiyo asili ya adabu yetu ya hodi. Jicho linaloingia bila hodi limeingia, hata kama mwenyewe amelala chumbani kwake.

Ukinasa tukio, usilikate wala kulipamba, na usilirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Hifadhi faili la asili. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uandamane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana. Tena, kijana uliyemtangaza kuwa mwizi akiwa si mwizi, huwezi kumrudishia jina lake.

Pikipiki haikupatikana. Kamera niliishusha ikatazama kizingiti chetu na baraza tu, kisha nikamwita yule mama aje aone kioo mwenyewe. Alitazama, akanyoosha kidole kwenye ukingo wa picha: "Hapa bado waonekana ushi wangu." Nikaigeuza tena kidogo, mpaka aliporidhika.